Kengele Ile Ililia kwa Ajili Yenu

"Shusha Kengeleni!"

Makanga aligonga bodi mara mbili, matatu ikasimama, nikashuka na kikapu changu kitupu. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, nami nilikuwa naenda sokoni Kongowea kama ninavyokwenda Jumamosi nyingi. Hata hatua kumi sikumaliza, gidamu ya kiatu ikakatika. Nikajikokota hadi pembeni, kwenye ule mnara mdogo wa kengele ambao sisi watu wa Mombasa tunaupita kila siku bila kuugeuzia shingo, nikainama kuifunga kwa kipande cha kamba.

Mzee mmoja alikuwa akifagia majani hapo karibu.

"Pole, mwanangu."

"Nishapoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Mji wa Kale. Karibu na Ndia Kuu."

"Mzaliwa wa huko huko?"

"Wa huko huko. Mimi na baba na babu wa babu."

Alisimama, akaegemea ufagio wake. Aliutazama mnara, kisha akanitazama mimi, si kwa ukali wala kwa dharau. Akasema kwa sauti ile ile aliyonipa pole nayo:

"Basi kengele hii ilikuwa ikilia kwa ajili yenu."

Akarudi kwenye majani yake.

Nilinunua vitunguu siku hiyo, na mchicha, na nazi tatu. Nilivuka daraja kurudi nyumbani. Lile neno nalo lilivuka nami, na kwa wiki saba halikutoka.

## Maana mbili za neno moja

Lugha yetu ina hila zake. "Kwa ajili yenu" inaweza kuwa zawadi na inaweza kuwa shtaka. Mama hupika kwa ajili ya wanawe. Mlango hufungwa kwa ajili ya mwizi. Maneno ni yale yale, na anayeyasikia ndiye anayebaki kujiuliza yuko upande gani wa mlango.

Siku mbili za kwanza nilijiambia kwamba mzee alikusudia ile maana njema. Labda kengele iliwaita watu kusali, sauti ikavuka maji na kutufikia sisi wa kisiwani, kama adhana zetu zinavyowafikia wao. Nilitamani iwe hivyo.

Lakini historia ya kengele ile naijua, na wewe msomaji wa Mombasa unaijua. Tulifundishwa shuleni. Watumwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, makazi yao ya hapo Kengeleni, waliigonga kuonyana pale walipohofia kuvamiwa. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama yangu, nikaendelea na maisha.

Kitu ambacho mwalimu hakuuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza, ni kuvamiwa na nani.

Kengele huonya juu ya mtu. Na ukisimama Kengeleni ukatazama upande wanakotoka matatu za mjini, unatazama kwetu.

## Bahari tunayoisimulia

Nililelewa kwa hadithi za bahari. Babu alinishika mkono kunipeleka kwenye ngazi za Leven, zile zinazoteremka hadi majini, akanionyesha mahali ambapo majahazi yalikuwa yakitia nanga. Alinifundisha kwamba kaskazi huanza kuvuma mwezi wa Disemba na kuleta vyombo kutoka Uarabuni, na kwamba kusi ikiingia vyombo hurudi. Alijua majina ya kila kamba na kila boriti ya chombo: foromali, dasi, demani, joshi. Alijua kulitofautisha sambuku na betili likiwa bado mbali, kwa kutazama omo na tezi tu. Tende na samaki wa chumvi na mazulia viliingia. Boriti za mikoko zilitoka.

Hadithi hizo nazipenda hadi leo. Nimeziandika humu mara nyingi, na wengi wenu mmeniandikia za babu zenu.

Tuna hata chombo kilichozama tunachojivunia. Ile merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa. Katika miaka ya 1970 wapiga-mbizi waliishukia, wakatoa vyungu, sahani na mizinga, na leo mtoto wa shule huingia makumbusho na kuviona. Miaka 280 chini ya matope, na bado tulivitafuta.

Nikaanza kujiuliza ni vyombo vingapi vingine vilivyokwenda chini katika bahari hii hii ambavyo hakuna aliyevitafuta. Katika karne ya 19 manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na mengi yao yaliteketezwa kwa moto huko huko baharini. Majahazi hayo yalikuwa na manahodha. Manahodha hao walijua foromali na dasi na demani. Walijua kaskazi na kusi.

Babu hakunisimulia hao. Sijui kama naye alisimuliwa.

## Mateka

Kwa wiki kadhaa nilisoma usiku. Nilitafuta watu wa Frere Town, si Bwana Frere. Huyo tunamjua. Alikuwa gavana wa Bombay, akaja Zanzibar mwaka 1873 kumtaka Sultani Barghash azuie biashara ya watumwa baharini, akaondoka mikono mitupu. Sultani alitia saini tarehe 5 Juni, baada ya kuambiwa kwamba manowari zitakizingira kisiwa chake. Miaka miwili baadaye wamishenari wa Church Missionary Society walianzisha makazi ng'ambo yetu, wakayapa jina la mtu ambaye hakuishi hapo hata siku moja.

Walioishi hapo waliitwa mateka.

Neno hilo lilinikalisha. Mateka ni mtu aliyetekwa. Ningetegemea waitwe mateka wakiwa ndani ya jahazi, wamepangwa chini ya sitaha kama magunia. Lakini waliitwa mateka baada ya kukombolewa, wakiwa nchi kavu, wakiwa huru. Manowari ililiteka jahazi, na vilivyokuwemo vikawa mateka ya manowari. Na haikuwa lugha tu: serikali ya Uingereza iliwalipa mabaharia wake fungu la fedha kwa kila mtumwa waliyemkuta chomboni. Mtu alitekwa kwao, karibu na Ziwa Nyasa labda, au katika nchi ya Wamakua au Wayao. Akatembezwa hadi pwani. Akapakiwa. Kisha akatekwa tena, na safari hii akaambiwa ndio uhuru.

Sisemi kwamba vitendo viwili hivyo ni sawa. Ningekuwa mwana chomboni ningeiombea manowari itokee. Nasema tu kwamba katika vyote viwili hakuna aliyemuuliza.

Hata mahali pa kushushwa palitegemea manowari ilikuwa ikielekea wapi. Kabla ya Frere Town kuwapo, waliokombolewa walipelekwa Bombay, Aden, Shelisheli. Wengine walipelekwa Natal, na kule Durban hadi leo kuna watu wanaoitwa Wazanzibari ambao wengi wa wazee wao walikuwa Wamakua. Ndugu wawili waliotekwa kijiji kimoja, wakapakiwa majahazi mawili tofauti, mmoja angeweza kuzeekea Durban na mwingine akazeekea hapa Kisauni, kila mmoja akidhani mwenzake amekufa.

Waliofikishwa India ndio walionishika zaidi. Walilelewa kwenye shule ya misheni Nasik, wakafundishwa useremala, uhunzi na Kiingereza, wakapewa majina mapya. Mmoja alikuwa mtoto wa Kiyao aitwaye Chengwimbe, akawa Matthew Wellington. Alipokuwa kijana alikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu. Alifariki hapa Mombasa mwaka 1935.

Mwaka 1935 babu yangu alikuwa kijana. Inawezekana walipishana njiani, na pengine walisalimiana. Mzee aliyewahi kuwa shehena, na kijana aliyefundishwa kuyapenda majahazi.

Tunaposhuka matatuni hapo husema "nishushe". Wao walishushwa.

## Yalilimwa

Nilijua nitafika kwa shangazi. Nilikuwa nikijizungusha tu.

Shangazi ana miaka 82, ndiye aliyebaki katika watoto wa babu, na ndiye daftari la nyumba. Yeye hukumbuka nani alimwoa nani, nani alizaliwa mwaka wa mvua gani. Nilimpelekea mahamri ya asubuhi, tukanywa chai, tukazungumza habari za arusi ya mjukuu. Kisha nikamuuliza kama ni kweli kwamba ukoo wetu ulikuwa na mashamba ng'ambo.

"Yalikuwako," alisema. "Makubwa. Minazi, maembe, mahindi, mtama. Yalilimwa vizuri, si kama haya mapori ya siku hizi."

"Yalilimwa na nani, shangazi?"

"Yalilimwa."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Na nani?"

"Kulikuwa na watu wa shamba."

"Watu wa nani?"

Sikuwahi kumsukuma shangazi hivyo. Kwetu mtu mzima hasukumwi. Alinitazama kwa muda, nikaona anatafuta mahali pa kunikemea na hapaoni.

"Wa babu," alisema. "Walikuwa wa babu, babu yake baba yangu. Wataka nini na mambo hayo, mwanangu? Walikufa wote."

Nilimwomba radhi, akanipa, tukarudi kwenye habari za arusi.

Njiani nilikuwa nikiyarudia yale maneno. Yalilimwa. Walishushwa. Walitekwa. Walikombolewa. Ni kauli ya kutendwa, ile tuliyoichambua darasani kwa kutia *-w-* katikati ya kitenzi. Ni kauli nzuri, ina adabu, na inakuruhusu kusimulia jambo zima, mwanzo hadi mwisho, bila mtendaji kuonekana. Mashamba yanalimwa, watu wanatekwa, kengele inagongwa, na hakuna aliyefanya kitu.

Nilikaa mezani usiku ule nijaribu kuandika sentensi moja isiyo na *-w-* hiyo. Ilinichukua muda kuliko makala yote niliyowahi kuandika humu.

Babu yake babu yangu alimiliki watu.

## Nilipofurahia kosa la wengine

Lazima niseme pia jambo la usiku wa pili, maana bila hilo makala hii itakuwa ya uongo.

Niliendelea kusoma, nikafika kwenye miaka ya mwanzo ya Frere Town, nikakuta kwamba makazi yenyewe hayakuwa pepo. Msimamizi wao wa kizungu aliwachapa watu viboko na kuwafunga, hadi mambo yakawa kashfa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na akaondolewa. Nikakuta kwamba wamishenari, kwa kuogopa ugomvi na wakubwa wa Mombasa, waliahidi kutowapokea watoro, na kwamba wapo watoro waliokimbilia misheni wakarudishwa kwa mabwana zao.

Nilifurahi.

Nilihisi mzigo umenipungua mabegani, nikasema moyoni, kumbe hata wao. Nikaanza kupanga makala nyingine kabisa kichwani, makala juu ya unafiki wa wakombozi, ambayo ingeanzia London na kuishia London na isingepita kamwe Ndia Kuu. Ingekuwa makala ya kweli, kila mstari wake. Mngeipenda na kuisambaza.

Asubuhi nilipoamka niliionea haya furaha ile. Viboko vya Frere Town vilichapwa migongo ile ile iliyotoroka kutoka mashambani mwetu. Nilikuwa nimeyachukua maumivu yao nikayafanya ngao yangu.

Na kuna jambo nililolipita haraka usiku ule kwa sababu halikunifaa. Rabai, kituo cha misheni juu ya vilima, kilikuwa chini ya William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, aliyelelewa India kama Matthew Wellington. Watoro walimiminika huko, wakajenga, wakalima mashamba yao wenyewe. Kufikia mwaka 1888 waliohesabiwa katika vituo vya misheni vya pwani walikuwa zaidi ya 1,400. Zaidi ya 1,400 walioondoka kwa miguu yao, bila manowari, bila mkataba, bila kushushwa na mtu.

Hawa hawakukombolewa. Walijikomboa.

Mji ulikasirika. Ili kuzuia vita, wakala wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kuitawala pwani, George Mackenzie, alilipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Fidia haikwenda kwa waliolima bila ujira. Ilikwenda kwa waliodai kuwa wenye watu. Utumwa ulipofutwa kisheria hapa pwani mwaka 1907, fidia nayo ilikwenda upande ule ule.

Nimejiuliza kama kuna kuta katika nyumba yetu zilizopakwa chokaa kwa fedha hizo. Ni nyumba nzuri, kuta zake nene, za matumbawe, na mchana wa jua kali ndani yake huwa baridi. Nimeipenda tangu nilipojua kupenda.

## Ukitokea upande ule

Nilirudi Kengeleni katikati ya juma, bila kikapu. Mzee hakuwepo. Nilitembea polepole hadi kanisa la Emmanuel, nikasimama nje kwa muda, kisha nikachukua tuktuk hadi Mkomani, hadi kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmishenari Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1844 akiwa na miezi miwili tu Mombasa, na kitoto chake kikamfuata siku chache baadaye. Sikukaa sana. Nililotaka lilikuwa ni bahari tu, niione nikitokea upande ule.

Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo, nawaambia ukweli. Maisha yangu yote nimeitazama ng'ambo kutokea kwetu. Kwetu ng'ambo ni minazi na mahoteli na mahali pa kwenda Jumapili.

Ukisimama ng'ambo, kinachoonekana ni sisi. Ngome inaonekana, na bandari ya kale, na madirisha ya Mji wa Kale yakiwa yamepangana juu ya maji, mengine yamefungwa, mengine wazi. Ni karibu mno. Mashua ya makasia mawili ingevuka kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, lilijengwa mwaka 1931, kwa hiyo wakati wa mateka palikuwa na maji tu katikati. Maji hayo usiku yakiwa shwari, mtu angeweza kusikia makasia.

Nilijaribu kuwa mwanamke aliyeshushwa hapo mwaka 1875, amepewa jina na kibanda na kipande cha kulima, na jioni akawa anaona taa zinawashwa ng'ambo, dirisha moja baada ya jingine. Sikuweza. Nilichoweza ni kuyahesabu madirisha na kujua lipi letu.

Nimeishi nikiamini kwamba dirisha lile ni la kutazamia bahari. Sikuwaza kwamba kuna watu lililokuwa likiwatazama.

## Shangazi avuka

Wiki ya saba shangazi alinipigia simu mwenyewe. Hakutaja mazungumzo yetu. Alisema tu kwamba hajavuka daraja siku nyingi, na kwamba kama nina nafasi nimchukue Jumapili, apunge upepo.

Nilimchukua. Alivaa buibui lake la kutokea na kushika mkoba mdogo mapajani. Tulipofika juu ya daraja alinionyesha mahali lilipokuwa daraja la zamani, akanieleza jinsi lilivyokuwa likitikisika chini ya magari. Daraja hili tulilonalo sasa ni la mwaka 1980, lakini kwake bado ni jipya.

"Nipeleke kwenye hiyo kengele yako," alisema.

Dereva wa tuktuk alitushusha hapo hapo pembeni. Jumapili asubuhi pana nafasi kidogo. Shangazi aliufikia mnara, akaweka kiganja juu ya ukuta wake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliuzunguka wote. Hasomi bila miwani, na miwani hakuja nayo, kwa hiyo hakusoma kitu. Aliuangalia tu.

"Ndogo hivi," alisema.

"Ndogo, shangazi."

"Na sauti yake ilikuwa ikifika wapi?"

"Sijui. Maji yako karibu. Usiku wa shwari naona ingefika hata kwetu."

Alinyamaza. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wakimgombania abiria upande wa pili wa barabara. Nilidhani amechoka, nikatafuta kivuli cha kumkalisha.

"Bibi yangu," alisema, "mama yake baba, Jumapili akisikia kengele ya kanisa kutoka huku, alikuwa akisema, 'Waitana hao.' Kila Jumapili. Mimi mdogo, nikidhani ni sala. Nikidhani asema waitana kusali."

"Na sasa?"

"Sasa sijui." Alikishusha kiganja chake ukutani, akakifuta vumbi kwa pindo la buibui. "Sala haimshughulishi mtu hivyo. Alikuwa akisonga, ataacha kusonga. Alikuwa akisuka ukili, ataushika tu mkononi. Chochote alichokuwa akifanya alikiacha, mpaka ikome."